Noah Huumwa Jumamosi

"Washa," Gitonga akasema.

Kule Kiganjo, nje kidogo ya mji wa Nyeri, mdogo wake Njuguna akawasha. Huku Hjulsta, mtaa wa Stockholm, ghorofa ya tano, Gitonga alikuwa ameketi jikoni amefumba macho, simu ameigandamiza sikioni mpaka sikio limepata moto. Injini ikaguruma, ikatetemeka, ikaguruma tena. Katika kila mapigo manne ilikuwa ikikosa moja.

"Zima. Ngoja ipoe kidogo. Washa tena."

"Kaka, nimewasha mara sita."

"Basi hii ni ya saba. Fundi ni nani hapa?"

Fundi ni yeye, hilo halina ubishi. Kabla ya kuja Sweden alikuwa amelala chini ya magari ya watu Nairobi miaka kumi na miwili, na wenye gari walikuwa wakimsubiri tangu alfajiri hata kama mafundi wengine wamekaa bure pembeni. Mwaka wa elfu mbili na nne akamfuata mkewe Roselyn, aliyekuwa amekuja Stockholm kusomea uuguzi. Kuanzia hapo ndipo maisha yalipomfanyia mzaha. Leo yuko kwenye kiwanda cha malori Södertälje, na kazi yake ni kufunga nati nane. Nane zile zile, upande ule ule, lori likipita linakuja lingine. Mshahara si haba, wala simlilii kwa hilo. Lakini mtu aliyekuwa akifungua gia boksi gizani na kuirudisha bila kubaki na skrubu mkononi, umpe nati nane kwa miaka kumi na minane, ataacha kuota magari kweli?

Akaota Noah, ile Toyota ya kubeba familia. Ukitaka kumpoteza Gitonga Jumapili nzima, mtajie Noah tu. Ibada ikiisha kanisani pale Rinkeby, watu wakishika vikombe vya kahawa, rafiki yake Mwamba, mtu wa Lubumbashi, anamchokoza makusudi.

"Kaka, hebu tuambie tena ile ukoo."

Naye, bila haya, anaanza. Anaitaja Noah kama wengine wanavyotaja mababu zao. Uzao wa kwanza ulitoka Japani mwaka wa tisini na sita, pacha wawili, TownAce Noah na LiteAce Noah, na ukitaka kuwatofautisha utazame pua. Hawa ndio waliolala na injini chini ya viti vya mbele, wakisukumwa na magurudumu ya nyuma, na mlango wa kuvuta ulikuwa mmoja tu, upande wa kushoto. Mwaka wa elfu mbili na moja akazaliwa wa pili. Injini ikahamia mbele, milango ya kuvuta ikawa miwili, na pacha mpya akaitwa Voxy. Wa tatu akaja elfu mbili na saba. Wa nne, kumi na nne, akaanza kula petroli na umeme pamoja. Wa tano ni wa juzi, ishirini na mbili, na huyo Gitonga hampendi.

"Amenenepa," anasema. "Waliomtangulia wote, ukiacha waliovalishwa urembo, walikuwa hawavuki upana wa mita moja na sentimita sabini. Wajapani waliwapima kwa vichochoro vyao. Baba, mama, watoto, bibi na babu, wote ndani, na gari bado linapita kati ya ukuta na ukuta. Huyu wa sasa amekivuka kipimo cha babu yake."

Anaendelea hivyo mpaka kahawa inapoa. Zilivyouzwa Japani na Hong Kong na kwingine huko Asia, kwa watu wanaotaka kubeba familia bila kununua basi. Zilivyochoka kule, zikapakiwa melini, zikashuka Mombasa zikiwa bado na karatasi za Kijapani kwenye kioo, zikaanza maisha ya pili. Waswidi hawaijui. Ukiwaambia Noah wanafikiria safina.

"Mais kaka," Mwamba akamwambia siku moja, akichanganya Kifaransa kama kawaida yake, "hiyo motokari hata kwetu Lubumbashi iko mingi, na hakuna mtu anailia."

"Nani analia?"

"Wewe. Kila Jumapili."

Gitonga akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alikuwa analia, na alijua anachokililia.

Mwaka wa elfu mbili na sita, alipopata kazi ya kwanza ya kueleweka, alimnunulia mama yake Noah. Ilikuwa ya uzao wa kwanza, rangi ya maziwa, iliyoundwa tisini na tisa. Njuguna ndiye angeiendesha, kumpeleka Mama kanisani na kliniki. Mama aliipenda kwa sababu moja ambayo haimo katika kitabu chochote cha magari: injini ikiwa chini ya kiti, kiti kinapata joto, na baridi ya Kiganjo ilikuwa imemtesa magoti tangu ujana. Alikuwa akikaa pale mbele, mikono juu ya mapaja, hata wakishafika hashuki haraka. Hayo Gitonga aliyajua kwa kuhadithiwa. Yeye mwenyewe alikwenda nyumbani mara mbili tu, mara ya kwanza kumzika baba yake na mara ya pili wiki mbili za Krismasi, nyumba imejaa wageni. Kisha watoto wakawa na shule, Roselyn akawa na zamu, likizo zikawa hazikutani. Mwaka ukapita, mwingine ukapita, na nauli ya watu watano ukiitazama unafunga kompyuta.

Ya kusikitisha zaidi ni kwamba hawakujua kuongea. Mama na mwanawe, nasema. Akipiga simu, mazungumzo yalikuwa haya:

"Mko salama?"

"Tuko salama. Ninyi?"

"Tuko salama. Mvua?"

"Imenyesha."

"Haya, Mama."

"Haya. Msalimie Roselyn."

Dakika tatu, simu imekatwa, na Gitonga amebaki ameishika kama mtu aliyesahau alikuwa akitaka kusema nini. Si kwamba hampendi. Anampenda mpaka anaogopa. Mama alipolazwa kwa ugonjwa wa mapafu, miaka michache iliyopita, Gitonga alituma pesa za hospitali siku hiyo hiyo, akapiga simu, akamsikia anavyokohoa, akasema "ugua pole, Mama", akakata. Hazikufika hata dakika nne. Roselyn alimkuta bafuni, maji yanamwagika bure na yeye amekaa ukingoni mwa beseni la kuogea.

Ndipo Noah ilipoanza kuumwa.

Ilianza kama mwaka mmoja uliopita, Jumamosi. Njuguna alipiga simu akasema gari linatetemeka halina nguvu. Gitonga akamwambia: inua kiti cha mbele, fungua kifuniko cha injini, weka simu karibu, washa. Akasikiliza. Baada ya dakika mbili alikuwa ameshajua. Silinda ya tatu haichomi, waya wa plagi umelegea, ni kuusukuma tu urudi. Alikuwa na jibu mdomoni. Lakini nyuma ya ile injini alisikia jogoo. Akasikia ndoo inawekwa chini, na sauti ya Mama ikimuuliza Njuguna kama tochi inamulika vizuri, kwa maana Mama ndiye aliyekuwa ameshika tochi. Injini ikazimwa, na nyumba yao yote ikabaki hewani, wazi kabisa.

Gitonga akalimeza lile jibu. "Sijui bado," akasema. "Washa tena."

Siku ile alikaa nao saa moja na nusu. Walijaribu hiki, wakajaribu kile. Mama akatoa maoni yake kuhusu mafuta ya siku hizi. Kati ya kuwasha na kuzima akasimulia jinsi jirani alivyochimba kisima akakosa maji, na Gitonga akacheka mpaka binti yake Beverly akachungulia jikoni akamuuliza kwa Kiswidi kama yuko sawa. Mwisho, chai ya huko na ya huku zote zimepoa, akamwambia Njuguna azisukume nyaya zote nne, bila kumwambia ni upi uliolegea.

Wiki mbili baadaye ikaumwa tena. Jumamosi, silinda ile ile. Na baada ya hapo karibu kila Jumamosi.

Fundi yeyote angeshtuka. Gitonga alijiambia ni uzee wa gari. Alituma waya mpya kwa Clementina, jirani aliyekuwa akienda Nairobi. Alituma plagi. Alituma kifuniko cha kugawa moto, kimefungwa ndani ya soksi. Vyote vikafungwa, na Jumamosi ikifika, Noah inakosa pigo moja kati ya manne. Kama fundi aliona aibu. Kama mtoto wa Mama, ukweli usemwe, alikuwa akiisubiri Jumamosi tangu Jumatatu, na zile nati nane zilikuwa zinafungika upesi kuliko zamani.

Sasa turudi kwenye ile simu ya mara ya saba. Njuguna aliwasha, akazima.

"Kaka, nimechoka," akasema.

"Pumzika kidogo, tutaendelea."

"Sijachoka leo tu. Nimechoka na hii gari. Kila wiki niko chini ya kiti. Kuna mtu wa Karatina ananunua za zamani, anazifungua anauza vipuri. Nimemwambia aje Jumamosi ijayo."

Gitonga akasimama. Roselyn, aliyekuwa anapanga vyombo, akageuka kumtazama.

"Huwezi kuuza Noah ya Mama."

"Mama amekubali. Alisema tu, kama haiponi, haiponi. Nitamtafutia gari la kukodi siku za kliniki."

"Nipe wiki moja."

"Utafanya nini kwa wiki moja ambacho hujafanya kwa mwaka?"

Gitonga akaketi tena. Alichokiona mbele yake kilikuwa Jumamosi bila Noah. Mko salama, tuko salama, mvua, imenyesha. Angepiga simu kwa sababu gani? Angeshikilia nini mkononi ili asikatike? Ilimjia hofu ile ile ya bafuni, na ikamkuta hana pa kuiweka.

"Nifanyie kitu kimoja," akasema. "Wewe una simu mbili. Ijumaa asubuhi acha moja ndani ya Noah, hewani. Nataka kuisikia kabla haijaumwa."

"Utasikiliza gari lililozimwa?"

"Ndiyo."

"Huko baridi imewaharibu," Njuguna akasema. Lakini alikubali.

Ijumaa Gitonga alichukua likizo ya siku moja, jambo ambalo hakulifanya hata alipovunjika kidole. Saa nne kasoro alikuwa jikoni, manyunyu ya Novemba yanalowesha dirisha, simu iko mezani na sauti imefunguliwa yote. Njuguna alikuwa ameiweka yake kwenye mfuko wa mlango, akaondoka kwenda shambani. Gitonga akaanza kusikiliza. Kwanza hakuna kitu. Kisha mvua, mvua ya kwao, inayopiga bati la kibanda cha gari kama watu wengi wanaopiga makofi. Kuku mmoja analalamika. Baada ya hapo, kimya kirefu. Angekuwa na busara angejua kwamba gari lililozimwa halina la kumwambia fundi. Hakuwa akitafuta busara. Alilaza kichwa mezani kando ya simu, akawa amekaa nyumbani kwao.

Saa nzima ikapita, labda na zaidi. Mlango wa mbele ukafunguliwa.

Alifikiri ni Njuguna amerudi. Lakini aliyeingia alikuwa anapumua kwa taabu, na kulikuwa na mlio wa mkongojo unaowekwa chini taratibu. Kiti kikainuliwa. Kikafunguliwa kifuniko cha injini, klipu moja, klipu ya pili, bila kupapasa, kama mtu anayejua njia. Mwaka mzima wa kushika tochi ni shule ya kutosha.

"Pole, mzee wangu," Mama akasema.

Aliyasema kwa Kikuyu, na mimi nawaletea kama ninavyoweza. Alikuwa akiongea na gari. Gitonga aliinua kichwa taratibu, akaweka mkono mdomoni.

"Pole. Lakini leo ni Ijumaa, unajua. Na kesho ndiyo mara ya mwisho, kwa hiyo nivumilie." Akatulia kupata pumzi. "Mimi nikiumwa, mtoto anatuma pesa anakata simu. Ukiumwa wewe, anakaa na sisi mpaka chai inapoa. Sasa mimi ningefanya nini?"

Kukasikika mlio mdogo mkavu. Gitonga aliujua. Ni mlio wa waya wa plagi ukichomolewa, wa tatu kutoka mbele, na angeutambua hata akiwa usingizini.

Mama akashusha kiti, akakikalia. Hakuwa na haraka ya kurudi ndani. Mvua iliendelea, naye akaanza kukohoa, kikohozi kirefu cha mzee, kinachosimama kidogo na kuanza upya. Mkono wa Gitonga ulikwenda wenyewe kwenye simu ili ukate. Akauzuia. Alikisikiliza kile kikohozi mwanzo hadi mwisho, kisha akamsikiliza Mama akipangusa mdomo, akishuka, akifunga mlango, na mkongojo wake ukienda mbali. Roselyn aliporudi kutoka zamu alimkuta pale pale, akamuuliza kama amepata ugonjwa wa gari.

"Nimeupata," akasema.

Usiku hakulala vizuri. Nini cha kufanya? Akimwambia Njuguna, Mama ataaibika mbele ya mwanawe mdogo, na mwanamke yule hajawahi kuaibishwa na mtu. Akinyamaza, mtu wa Karatina atalichukua gari, na Mama atabaki na simu za dakika tatu, akiamini kwamba mwanawe wa kwanza hana hamu naye, ana hamu na injini. Hilo la pili ndilo lililomchoma. Alikuwa amemfundisha mama yake mwenyewe kwamba ili apewe saa moja lazima kitu kiharibike.

Jumamosi saa tano Njuguna akapiga.

"Inaumwa. Kama kawaida. Na mtu wa Karatina yuko hapa, usinipotezee wakati."

"Inua kiti. Waya wa tatu umetoka. Usukume mpaka usikie umeshika. Washa."

Njuguna akafanya hivyo. Injini ikaitika mara moja, safi, mapigo yote manne. Hazikupita dakika mbili.

"Ulijuaje?" Njuguna akauliza.

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Njuguna akaanza kujumlisha Jumamosi zote alizokaa amepiga magoti. Nafikiri alikuwa anatafuta tusi la kutosha. Kwa mbali alisikika yule mnunuzi akisema kumbe gari ni zima, basi waongee upya.

"Sasa huyu nimwambie nini?" Njuguna akauliza mwishowe.

"Amueni wenyewe. Mpe Mama simu."

Simu ikapokezanwa.

"Imepona?" Mama akauliza.

"Imepona, Mama."

"Mapema hivyo." Hakuweza kuificha, sauti yake ilianguka. Kisha akajikusanya, akawa yule yule wa siku zote. "Haya. Ni vizuri. Basi, msalimie Roselyn."

"Mama, usikate."

"Kuna nini tena? Umesema imepona."

Gitonga alikuwa amejiandaa tangu alfajiri, alikuwa na maneno mazuri, na yote yakamkimbia. Akashika ukingo wa meza.

"Mimi ndiye ninayeumwa."

Akamsikia akivuta pumzi. Huko nyuma wanaume wawili walikuwa wakibishana kuhusu magurudumu.

"Unaumwa wapi?"

Miaka ishirini kila aliyemuuliza alimjibu salama. Hakujua hata panapoanzia. Alimwambia kwamba asubuhi, kabla hajafumbua macho, bado huwa anafikiri yuko kwenye kile chumba chake cha nyuma, na kila asubuhi inambidi aambiwe upya kwamba hayupo. Alimwambia kwamba watoto wake wanamjibu kwa Kiswidi na yeye hucheka wanapocheka. Alimwambia kwamba siku ile ya hospitali hakukata simu kwa sababu ya kazi. Hapo akaona ajabu, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa analia jikoni mchana kweupe.

Mama hakusema pole. Aliuondoa mdomo kwenye simu, akaita kwa sauti ambayo Gitonga hakuwa ameisikia tangu utoto wake.

"Njuguna! Mpe huyo mtu funguo aende na gari lake, mnanipigia kelele. Naongea na mwanangu."